Marashi si Maji

Kila watu wa kanisa letu wanapomsifu Bi Mwalimu, mimi hunyamaza. Si kwamba wanasema uongo. Alikuwa mwema, mwenye subira, asiyejua tamaa, na watu wazima aliowafikisha kwenye ubatizo wangejaza viti vya upande mzima wa kanisa. Nanyamaza kwa kuwa nikifungua mdomo utatoka wivu, na wivu katika mwanamke wa umri wangu ni kitu kibaya kukitazama. Leo nimechoka kuuzuia. Acha utoke.

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Padri alimwita Bi Mwalimu, watoto walimwita Bi Mwalimu, wauza samaki waliokatiza kichochoro chetu cha Mkunazini walimwita hivyo hivyo, na hata Bi Zuwena, mwenye nyumba wetu, mwanamke wa Kiarabu asiyempa mtu cheo ambacho yeye mwenyewe hakukikubali, alikuwa akiita kutoka dirishani, "Bi Mwalimu, pita unywe kahawa." Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wazima waliotaka kubatizwa. Aliwafundisha kwa miaka miwili, na asiyekuwa tayari alirudishwa nyuma bila ya kuonewa haya.

Kwangu mimi alikuwa zaidi ya hayo. Alikuwa mama yangu wa ubatizo. Ndiye aliyenipakata mbele ya birika nikiwa mchanga, akaulizwa kwa niaba yangu kama naamini, naye akajibu kwamba naamini. Kwa hiyo imani yangu ya kwanza ilitoka kinywani mwake, kabla sijaota jino. Ungedhani jambo hilo lingenipa mahali maalumu kwake. Nami nilidhani hivyo.

Nilipokuwa msichana nilimwuliza ilikuwaje siku ile ya kubatizwa kwangu.

"Wewe?" alisema, akitafuta tundu ya sindano. "Ulilia, kisha ukanikojolea. Nipe uzi mweupe."

Basi, ni hayo tu. Lakini ukimwuliza habari za watu wazima aliowapeleka majini, hapo ungekaa mpaka alasiri. Alikumbuka mchukuzi mmoja wa bandarini aliyetetemeka mpaka Padri akamshika bega. Alikumbuka bibi kizee aliyekataa kufutwa kichwa, akatembea hadi kwake na maji yakimtiririka shingoni ili majirani wayaone. Hao walikuja kwa miguu yao. Alipowataja uso wake ulibadilika, ukawa wa mwanamke anayetaja wanawe. Sisi tuliozaliwa ndani ya kanisa tulikuwa kama vyombo vya nyumbani, vipo, havipotei, na hakuna anayeviangalia mara mbili.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na mwavuli wake mweusi aliufungua hata katika vichochoro ambavyo jua halifiki. Watu walipishana naye kwa kujibandika ukutani, wakicheka. Viatu vyake vya kitambaa alivipaka chaki kila Jumamosi. Alivaa gauni refu na juu yake kanga mbili, na leso yake ilinukia marashi ya mawaridi, maana marashi aliyapenda kupita kiasi. Ukimtembelea, hujakaa vizuri ameshakurushia kiganjani, kichwani, begani, mpaka unapiga chafya. Padri alimwambia mara moja kwamba chumba chake kinanuka harusi. Alifurahi kwa neno hilo wiki nzima.

Yeye na Bi Zuwena walibishana juu ya dini kwa miaka mingi na hawakugombana hata siku moja. Kibarazani, baina ya vikombe vya kahawa, Bi Zuwena angeanza kwa uchokozi.

"Sisi twatawadha mara tano kwa siku, Bi Mwalimu. Nyinyi mwaoshwa mara moja, basi mpaka kufa. Nani msafi hapo?"

"Ndiyo maana yetu ile moja lazima iwe sawasawa," alijibu Bi Mwalimu. "Wewe ukikosea asubuhi, adhuhuri utatengeneza. Mimi ntatengeneza lini?"

Bi Zuwena alicheka hadi mtandio ukamwanguka. Nami nilicheka, kwani siku zile sikujua kwamba neno hilo lingekuja kuniuma.

Darasa lake lilikuwa chumba kilicho nyuma ya kanisa. Nilikaa pembeni nikishona vitambaa vya madhabahu, kwa hiyo masomo yake niliyasikia yote, mwaka baada ya mwaka, ingawa sikuwa mwanafunzi. Somo lililopendwa lilikuwa la vikombe. Alipanga mezani kikombe cha maji ya kisima, cha maji ya mvua, cha maji ya bahari, cha chai, cha maziwa. Kisha aliwaambia: mtu anakata roho mbele yako, Padri yuko mbali, na kanisa linamruhusu Mkristo yeyote kubatiza katika shida kama hiyo, unachukua kipi? Wengi walichukua maziwa, kwa heshima. Yeye aliyamwaga dirishani.

"Mungu hakutaka cha thamani," aliwaambia. "Angetaka cha thamani, maskini wangekosa. Katuchagulia maji. Ya mtaroni yatafaa kama hapana mengine. Chai haifai, maziwa hayafai, asali haifai."

Na kila mwaka palikuwa na mmoja wa kuuliza kama imani peke yake haitoshi. Aliwapa mfano wa posa. Mwanamume anayekwambia anakupenda, alisema, anakupenda kweli, lakini kila ukimwuliza lini atakuja kwa wazee wako anatazama pembeni. Huyo mapenzi yake yana nini? Imani ndiyo mapenzi. Maji ndiyo kuja kwa wazee. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakainamisha vichwa.

Wajuaji waliuliza juu ya yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Bwana, aliyeahidiwa pepo siku ile ile. Yeye alibatizwa lini?

"Yule alikuwa amepigiliwa misumari," alijibu Bi Mwalimu. "Wewe umepigiliwa na nini?"

Nyamizi naye alikuwa mjuaji wa namna hiyo, ingawa darasani kwetu hakukaa. Alikuja kutoka bara pamoja na mumewe, kibarua wa kupalilia mikarafuu katika shamba la serikali la Kizimbani, na wakati huo huko Kizimbani palikuwa na watu kiasi waliotaka mafundisho, hata Bi Mwalimu akaanza kuwafuata kila Alhamisi kwa gari la shamba. Wengine waliacha mmoja mmoja. Mwishowe akabaki Nyamizi peke yake, na Bi Mwalimu hakuacha kwenda. Nilimwuliza kwa nini asimwambie Nyamizi aje mjini ajiunge na darasa.

"Ana jembe," alisema. "Mimi nna mwavuli. Nani ana nafasi?"

Alirudi jioni akiwa na vumbi hadi magotini na fenesi kwenye kikapu, na mazungumzo yake yote yalikuwa Nyamizi kauliza hivi, Nyamizi kasema vile. Nilikuwa nimeolewa mwaka ule. Mume wangu, karani wa forodhani, mtu wa maneno machache, alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza jina hilo lilipotajwa, akijua ninavyovimba. Nilipomwambia Bi Mwalimu kwamba nina mimba, alinikumbatia, akashukuru Mungu, na kabla kahawa haijapoa alikuwa ameshafika Kizimbani kwa maneno.

Nilionana na Nyamizi mara moja tu. Bi Mwalimu alimleta mjini alione kanisa. Alikuwa mrefu, mwenye meno meupe na viganja vigumu, na aliligusa birika la ubatizo kwa mikono miwili, polepole, akilizunguka. Kisha akanigeukia.

"Wewe, dada, ulibatizwa lini?"

"Nilipokuwa mchanga."

"Pole," alisema, kwa huruma ya kweli. "Hukuona kitu."

Bi Mwalimu alicheka kwa furaha. Mimi nilirudi kwenye kushona kwangu, na siku ile nilijichoma kidole.

Danieli wangu alizaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo sana, lakini alinyonya, na wageni walianza kuja. Bi Zuwena alituazima mrashi wake wa fedha, ule wa harusi, ukawekwa mezani ukiwa umejaa marashi ili wageni warushiwe wakiingia. Mimi nilikuwa ndani ya arobaini yangu, sitoki chumbani. Mama yangu alikuja kukaa nami.

Asubuhi moja ya Alhamisi Danieli alikataa ziwa. Midomo ikaanza kuwa ya samawati. Mume wangu alikimbilia kwa Padri, akaambiwa amevuka kwenda Pemba. Akakimbilia kwa Bi Mwalimu, akakuta kufuli. Alikuwa Kizimbani, kwa Nyamizi.

Mama yangu alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu. Alijua kwamba Mkristo yeyote anaweza kubatiza katika saa kama ile, na maneno aliyajua vizuri, lakini darasa la vikombe hakuwahi kuliona, kwani naye alizaliwa ndani ya kanisa kama mimi. Aliufunua mtungi uliokuwa pembeni ya mlango, akauchungulia, akaufunika tena.

"Mjukuu wangu haendi kwa Mola wake na maji ya mtungi," alisema.

Akauchukua mrashi kutoka mezani, akamrushia Danieli kichwani mara tatu, akisema kwa kila mara yale yanayotakiwa kusemwa, Baba, Mwana, Roho Mtakatifu, bila ya kukosea. Chumba kizima kilinukia mawaridi. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mama; vikombe vya Bi Mwalimu saa ile havikunijia kichwani. Danieli alikufa akinukia vizuri kuliko mtoto yeyote niliyepata kumpakata.

Nauliza mpaka leo: ni nani Unguja hii angefanya vingine? Mgeni wa heshima tunamrushia marashi. Bibi harusi tunamrushia marashi. Maiti wetu tunawatia marashi. Mama yangu alitafuta kilicho bora nyumbani, akampa mjukuu wake.

Bi Mwalimu alifika alasiri, mwavuli ukiwa bado wazi, vumbi la Kizimbani miguuni. Alinishika kichwa akalia nami. Kisha akamwuliza mama kama mtoto alibatizwa.

"Alibatizwa," mama alisema, na katika huzuni ile alikuwa na fahari kidogo. "Nimembatiza mwenyewe."

"Kwa maji gani?"

Mama akamwonesha mrashi. Bi Mwalimu aliutazama, kisha akakaa chini sakafuni, yeye ambaye hakupata kukaa sakafuni nyumbani kwa mtu.

"Ah, mama," alisema. "Ah, mama."

Padri wa wakati ule aliporudi alikuwa mgeni bado, Mzungu aliyekuwa hajamaliza hata mwaka visiwani, asiyejua mrashi ni chombo gani. Angeambiwa mtoto kabatizwa na bibi yake angeitika na kufungua kitabu chake. Ni Bi Mwalimu aliyemweleza. Mume wangu alikuwepo, alimsikia akieleza taratibu, kwa makini, kama anavyofundisha. Danieli akazikwa nje ya ukuta wa makaburi yetu, bila msalaba, bila sala ya kanisa. Mimi nilikuwa ndani ya arobaini. Kaburi la mwanangu niliambiwa tu lilipo.

Alikuja kila siku baada ya hapo. Alinipikia uji wa pilipili manga, akanilisha kwa mkono wake, akanichua mgongo, akafua nguo zangu ambazo hata mama alikuwa hajaziona. Hayo pia lazima niyaseme. Siku moja, kijiko kikiwa njiani, nilimwuliza lile swali ambalo sikuwa na jingine tena duniani.

"Danieli yumo peponi au hayumo?"

Alikirudisha kijiko bakulini.

"Sijui, mwanangu. Nnamwachia Mungu."

Vivyo hivyo tunamtaja Mungu kwa mchuuzi tusiyetaka kununua kwake.

"Ungenyamaza tu kwa Padri," nilimwambia. "Nani angejua?"

"Mimi ningejua," alisema. "Nikisema uongo juu ya maji, ntamwambia nini mwengine tena? Marashi si maji, Agnesi. Ningependa yangekuwa. Wallahi ningependa." Alikuwa akiapa kama Bi Zuwena alipozidiwa.

Nilimsamehe nusu. Alikuwa mwanamke wa sheria, na sheria haikunichagua mimi peke yangu. Nilijiambia kwamba lau angekuwa mtoto wa mwengine yeyote angesema yale yale. Kwa kujiambia hivyo niliweza kumwamkia, kukaa darasani kwake, kushona. Mwaka ukapita.

Kwaresima iliyofuata Nyamizi alishikwa na homa asubuhi, na kabla ya jua kutua alikuwa amekufa. Zilibaki wiki chache tu abatizwe katika mkesha wa Pasaka. Huko Kizimbani hapakuwa na Mkristo wa kumtilia maji. Bi Mwalimu alipopata habari na kufika, aliwakuta majirani wameshamwosha maiti na kumvisha.

Nilidhani najua kitakachotokea. Namwogopa Mungu kusema hivi, lakini nilingoja. Nilitaka kusikia kwamba naye yuko nje ya ukuta.

Bi Mwalimu alirudi, akaenda kwa Padri moja kwa moja, na kutoka pale akaja kutueleza sisi wanawake wa kushona.

"Nyamizi atazikwa ndani," alisema, macho mekundu. "Alishaamini, alishataka, alikuwa njiani anakuja. Huyo Mungu kamhesabia kutaka kwake. Imani yake imekuwa ndiyo maji yake. Naye alipigiliwa misumari, kama yule mwizi."

Padri alikubali. Waliosoma waliniambia baadaye kwamba ndiyo mafundisho ya kanisa tangu zamani, wala hakuyabuni yeye. Sikujali, na hata sasa sijali. Niliweka sindano chini mbele ya wanawake wote.

"Na Danieli hakupigiliwa?" nilimwuliza. "Alikuwa amefungwa nepi, hawezi hata kugeuka. Angekwenda vipi?"

"Danieli alikuwa mchanga, mwanangu. Mtoto mchanga hajui kutaka."

"Alijua kutaka. Alitaka ziwa. Na mimi nilimtakia hayo mengine, na mama yangu akamtakia. Wewe si ulinijibia mimi? Si ulisema naamini, na mimi nakukojolea? Kwa nini imani yako ilinitosha mimi, na yangu isimtoshe mwanangu?"

"Yako ilimtosha," alisema. "Kilichokosekana ni maji."

"Na Nyamizi kilichokosekana ni nini?"

Mwanamke mmoja alianza kukusanya vitambaa. Bi Mwalimu alisimama pale na mwavuli wake, na ndiyo mara ya pekee niliyopata kumwona amekosa la kusema. Ningefurahi kama nisingekuwa nalia.

Nyamizi alizikwa kwa sala, na msalaba wake ulitengenezwa na seremala wa kanisa. Siku ya kuwakumbuka marehemu Bi Mwalimu ndiye aliyekuwa akiwataja wafu wetu mbele ya madhabahu, kwa moyo, na hakumsahau mtu. Alimtaja Nyamizi, kwa jina lake la kwao, maana la ubatizo hakuwahi kupewa. Sauti yake ilipasuka kidogo hapo. Mama yangu alikuwa kando yangu, akisubiri mpaka jina la mwisho, na ilipoitikiwa Amina alikaa vile vile ameinamisha kichwa. Mama alifanya hivyo kila mwaka mpaka akafa. Mrashi wa Bi Zuwena aliurudisha mwenyewe, na tangu hapo mtu akimrushia marashi alikwepa.

Nilimwonea wivu maiti. Nimelisema. Nilikuwa na mume mzuri, nyumba yenye baraza, baadaye watoto wawili wenye afya, waliobatizwa kwa maji ya bomba yaliyochujwa. Na nilimwonea wivu mwanamke aliyekuwa na jembe na jina lililotajwa. Alipata Alhamisi zake zote. Alipata chozi la Bi Mwalimu. Alifunguliwa mlango ambao mwanangu alikutana nao umefungwa, na aliyeushika kitasa alikuwa mtu mmoja. Kwa Bi Mwalimu nilibakisha Shikamoo tu. Aliitika Marahaba, akingoja kidogo kama kwamba kuna neno litafuata, nami nilikuwa nimeshapita.

Miaka ilikwenda. Macho yake yaliingia mtoto wa jicho, darasa likachukuliwa na mwanamume kijana aliyefundisha bila vikombe, na Bi Mwalimu akahamia Mtoni kwa mpwa wake wa kike. Siasa zilikuwa zimeshapamba moto mjini, watu wakichaguana hata madukani, na mume wangu alikuwa hapendi nitoke peke yangu. Lakini nilisikia kwamba Bi Mwalimu hali yake si nzuri, na nikaona wazi kwamba akifa yeye, hatabaki mtu wa kumwuliza. Padri yule alikuwa amerudi kwao. Mama alikuwa hayupo. Neno la Bi Mwalimu ndilo lililomweka mwanangu nje, na nililitaka neno lake limwingize, hata liwe la kunong'ona. Nilipika mkate wa kumimina, nikapanda gari la Bububu.

Mpwa wake alinipokea mlangoni. "Homa haimtoki," alinambia. "Macho ndo hivo, haoni tena. Mara yupo, mara hayupo. Ingia tu, dada."

Alikuwa amelala kitanda cha kamba karibu na dirisha, amepungua hata kanga ilimzidi. Nilikaa ukingoni.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba." Alinyoosha mkono, akaupapasa uso wangu, akatabasamu tabasamu ambalo sijawahi kupewa mimi. "Nyamizi. Umekuja."

Nilifungua mdomo kusema kwamba si Nyamizi. Hata hapa, nilifikiri, hata katika homa, hata kipofu, huyu ananikuta mimi anamwona yule. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Lakini alikuwa ameshaushika mkono wangu kwa nguvu.

"Nlikuwa nnakungoja. Nna swali, na hapana wa kunambia ila wewe, kwa kuwa wewe uko huko."

"Naam," nilisema.

"Yule mtoto wa Agnesi. Danieli." Alisubiri kidogo apate pumzi. "Mimi nlisema maji yale si maji. Nlisema kweli. Lakini hakuna siku nlolala bila ya kuuliza, na huku hawanijibu. Umemwona huko?"

Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilikuwa nimetoka mjini kuja kumwuliza swali lile lile, na kumbe naye alikuwa nalo miaka yote ile, hana jibu la kunipa. Sote wawili tulikuwa tunamngoja Nyamizi.

"Nimemwona," nilisema.

"Yumo?"

"Yumo, Bi Mwalimu."

Machozi yalimtoka kwenye macho yale meupe. Kisha akakunja uso, kama alivyokuwa akikunja mwanafunzi anapojibu haraka mno.

"Yule hata shingo haijakaza. Nani anambeba?"

Nilitazama dirishani. Ningeweza kutaja malaika, au mama yangu. Lakini aliyekuwa anaulizwa alikuwa Nyamizi, na Bi Mwalimu angemwamini Nyamizi peke yake.

"Mimi," nilisema. "Nnambeba mimi."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwalimu. Alishusha pumzi ndefu, na vidole vyake vikalegea. "Usimweke chini, Nyamizi."

"Simweki."

Alilala. Nilimfunika miguu, nikampa mpwa wake mkate, nikatoka kungojea gari barabarani. Sikumwona tena. Njia nzima nililia, na sitasema kwamba kilikuwa kilio cha amani, maana hakikuwa. Nilimwona Nyamizi na viganja vyake vigumu, amempakata Danieli, amemwegemeza kichwa begani, nami ndiye niliyempa, kwa kinywa changu mwenyewe. Sijapata kumwonea mtu wivu kama niliomwonea siku ile.

Nyumbani mume wangu alikuwa akinisubiri kibarazani. Nilikaa kando yake, nikamwambia kwamba Danieli yumo. Akaniuliza nani kasema.

"Nyamizi," nilimjibu.